Watoto watatu, mdogo ana miezi 14: twende Marangu au Lushoto?

Swali: Daktari, shikamoo. Sisi ni familia ya Kimara, Dar es Salaam, tuna watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 8, wa pili 4, na kitinda mimba ana miezi 14. Likizo ya Juni tumezoea kwenda ufukweni, mwaka huu watoto wanataka mlima. Baba yao anataka twende Marangu, tupande Kilimanjaro mpaka Mandara, kituo cha kwanza cha wapanda mlima, na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi roho yangu iko Lushoto. Mama mkwe anasema kote huko ni kwenda kumtafutia mtoto nimonia. Tuna gari dogo na siku sita. Tupange vipi?

Jibu: Marahaba, dada. Kwanza nikiri upendeleo: mimi ni Msambaa wa Soni, chini kidogo ya Lushoto, na kila Juni napandisha wanangu kwa bibi yao. Jibu langu umeshalikisia. Lakini tuweke pembeni mapenzi ya kwetu, tuhesabu.

Lango la Marangu liko mita 1,800 na ushei kutoka usawa wa bahari. Mandara iko mita 2,700 hivi. Kati ya hapo ni kama kilomita 8 za kupanda, na mtu mzima asiye na mzigo hutumia saa tatu mpaka nne. Kurudi ni 8 nyingine. Mwanao wa miaka 4, hata awe mtundu namna gani, kilomita 16 kwa siku hawezi. Atakwenda mbili tatu kwa mbio na nyimbo, kisha atakaa chini katikati ya njia na kulia. Kuanzia hapo mtakuwa na watoto wawili wa kubeba, na yule wa miaka 8 akiuliza kwa nini yeye habebwi.

Halafu kuna suala la hewa. Kuanzia mita 2,500 hivi hewa huwa nyepesi kiasi cha kuweza kumletea mtu ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, usingizi kukatikakatika. Kwa matembezi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni hatari ni ndogo, sitaki kumtia baba watoto hofu ya bure. Shida ni kwamba mtoto wa miezi 14 hana kinywa cha kukwambia kichwa kinamuuma. Atalialia, atakataa ziwa na uji, basi. Ni dalili zile zile za mtoto aliyechoka, mwenye njaa au anayeota jino, na wewe utakuwa katikati ya msitu unabahatisha. Mwambie mumeo hivi: hifadhi yenyewe haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni. Mkubwa wenu akishafika umri huo, baba yake ampeleke Mandara, wao wawili tu. Itakuwa siku ambayo mtoto hataisahau, na hakuna atakayeharakishwa wala kubebwa.

Lushoto mjini, juu ya milima ya Usambara, ni kama mita 1,400. Hapo ugonjwa wa mwinuko hatuuzungumzii, na lami inakufikisha mpaka mlangoni. Familia yenye mtoto ambaye hajafika miaka mitano naishauri hivyo siku zote: mlima upandwe na gari, miguu ya watoto itumike juu huko kwa kucheza. Mtoto wa miaka 4 haoni tofauti kati ya kilele na mfereji wa maji wenye vyura. Akiachiwa achague, atachagua mfereji.

Siku sita maana yake mtalala mara tano. Laleni nyumba moja mara zote tano. Najua mtaona picha za Mtae, kule kijiji kilipokaa ukingoni mwa mlima kama kimetundikwa, na mtatamani kulala Lushoto siku mbili, Mtae siku mbili, mmalizie Soni. Wenye vijana wakubwa wafanye hivyo. Nyinyi kila mkihama mtapoteza nusu siku kwa kufungasha, na kitinda mimba atalala vibaya usiku wa kwanza wa kila nyumba mpya. Mtoto asipolala, nyumba nzima hailali.

Kila siku pangeni jambo moja tu, na liishe kabla ya chakula cha mchana. Juni milimani ukungu hukaa mpaka saa tatu, siku nyingine saa nne, kwa hiyo usimwamshe mtoto saa kumi na mbili eti mkaone jua linachomoza. Mtaona pamba nyeupe. Kunyweni chai taratibu, tokeni saa nne, rudini saa saba, mdogo alale. Jioni ni ya kucheza karibu na nyumba. Siku ya kwanza baada ya kufika msipange kitu. Watoto wa Dar wakifika mahali penye kilima watashuka na kupanda hicho kilima kimoja mara arobaini, na hiyo ndiyo safari yao.

Sasa njia. Kutoka Kimara mko tayari kwenye Barabara ya Morogoro: Kibaha, Mlandizi, Chalinze, mnakata kulia kwenda Segera, Korogwe, Mombo. Jumla mpaka Lushoto ni kama kilomita 360. Ukiambiwa ni saa sita, aliyekwambia hana watoto. Pangeni nane. Tokeni saa kumi na moja alfajiri, watoto wabebwe na usingizi wao kutoka kitandani kwenda garini, na mtakuwa Lushoto mchana. Sababu kubwa ya kuwahi ni kipande cha mwisho: Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za kona tupu, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Ni lami nzuri, lakini dereva mgeni asiipande gizani wala kwenye ukungu mzito. Malori ya kabichi na viazi yanashuka, na yanapenda katikati ya barabara.

Kipande hicho ndicho kitakachowatapisha. Watu hudhani mdogo kabisa ndiye atakayeteseka, kumbe watoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kupata kichefuchefu cha safari. Anayeumia zaidi ni wa umri wa kwenda shule, yaani huyo wenu wa miaka 8. Kutoka Korogwe simu na vitabu viwekwe mbali. Awe mahali anapoona barabara mbele, dirisha lifunguliwe kidogo, tumboni awe na kitu kikavu kama mkate au biskuti. Chipsi na soda ya Chalinze ziwe zimeshapita zamani. Pumzikeni Mombo kabla ya kupanda, pumzikeni tena Soni kwenye maporomoko. Tangawizi ya kutafuna au kwenye chai humsaidia mkubwa. Dawa za dukani nina neno moja, na ulishike: promethazini, ile ambayo wauza dawa wengi huitoa kwa kutapika na mafua, asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, maana inaweza kumdhoofisha pumzi akiwa usingizini. Na tafadhali msiwape watoto dawa yoyote kwa nia ya kuwalaza njia nzima. Naombwa hilo kila likizo, na kila likizo nakataa.

Jambo jingine la garini. Mdogo akae kwenye kiti chake cha kufungwa mkanda, kiti cha nyuma. Kumpakata na kuzungusha mkanda mmoja juu yenu wawili ni hatari kuliko inavyoonekana: gari likifunga breki ghafla, uzito wako wote unamkandamiza yeye kwenye mkanda. Kama hamna kiti, kuazima kwa jirani si aibu.

Tuje kwenye baridi, maana ndiyo hoja ya mama mkwe. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila unapopanda mita 1,000. Lushoto kwa hesabu hiyo iko nyuma ya Dar kwa nyuzi 9. Juni na Julai ni kipupwe, hata Kimara mnajifunika shuka. Ondoa nyuzi 9 kwenye usiku wenu na utapata 10 au 11. Kwa Mzungu huo ni usiku wa kawaida. Kwa mtoto aliyezaliwa na kulelewa Dar hiyo ni jokofu.

Dawa yake ni nguo, na si lazima ziwe za bei. Nenda Karume kwenye mitumba wiki mbili kabla, tafuta masweta ya sufu, yale makoti mepesi ya manyoya ya ndani, soksi nzito, kofia za kufunika masikio. Mvike mtoto nguo nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja kubwa. Akikimbia unavua moja, akitulia unarudisha. Fulana za pamba zikilowa jasho au manyunyu hukaa na ubaridi mwilini, hivyo beba za kubadilisha nyingi kuliko unavyodhani. Kila mtoto awe na viatu jozi mbili, kwa sababu jozi moja italowa siku ya kwanza na haitakauka mpaka mrudi.

Kitinda mimba abebwe kwa mbeleko. Mikokoteni ya watoto iacheni Kimara, njia za Usambara hazina habari nayo. Ila mbeleko mlimani ina mtego wake. Wewe unayepanda kilima unatoka jasho na kuona joto, naye mgongoni amekaa tu, hatumii misuli, miguu inaning'inia nje. Utavua sweta na kudhani naye ana joto. Kila nusu saa simama, ingiza mkono shingoni kwake kwa nyuma na ushike miguu yake. Miguu ikiwa baridi na shingo ina joto, mwongeze soksi. Shingo nayo ikiwa baridi, safari ya siku hiyo imekwisha, ingieni ndani.

Na jua msilidharau kwa sababu hewa ni baridi. Miale inayounguza huongezeka kwa kama asilimia 10 kila mita 1,000, na ukungu mwepesi hauizuii yote. Kofia yenye ukingo inatosha kwa wengi. Kama kuna mtoto mwenye ualbino katika msafara, basi mikono mirefu, mafuta ya kinga na kivuli ni lazima kutwa nzima.

Sasa nimonia. Mama mkwe wako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ya kuheshimu. Baridi yenyewe haizai nimonia. Inaletwa na bakteria na virusi, ambavyo mtoto anakutana navyo Kimara, kanisani, msikitini, kwenye daladala. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinamkinga dhidi ya baadhi ya bakteria wabaya zaidi, na Tanzania imekuwa ikitoa ile ya nimokoka, mmoja wa bakteria hao, tangu 2013. Fungua kadi ya kliniki uone kama zimekamilika. Lakini alichokiona mama mkwe maishani mwake ni kweli: wakati wa baridi watoto huugua kifua zaidi. Sababu ni kwamba watu hujifungia chumba kimoja, wanapumuliana, na wanaota moto. Moshi ndio unaochokoza mapafu ya mtoto.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine pote katika jibu hili. Usiku wa pili watoto watalalamika baridi. Mhudumu mwema, au ndugu mliyemtembelea, ataleta jiko la mkaa lililokolea, jekundu, halina moshi hata kidogo, awawekee chumbani. Kataeni. Shukuruni, toeni nje.

Mkaa ule mwekundu usio na moshi ndio unaoua. Unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni uchovu wa safari, analala, haamki. Watoto huathirika mapema kuliko wakubwa kwa sababu wanapumua haraka zaidi. Nikiwa zamu ya usiku mlimani, miaka ya mwanzo ya kazi, tuliletewa familia ya watu wanne waliolala na jiko. Dirisha, walisema majirani, lilikuwa wazi kidogo. Watatu tuliwaokoa. Sikumbuki sura za wagonjwa wangu wengi wa miaka ile, lakini chumba kile cha mapokezi nakikumbuka mpaka rangi ya ukuta. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Kuliweka jiko mlangoni si kinga. Ukishahisi kichwa kinauma na wenzako nao wanalalamika hivyo hivyo ndani ya chumba chenye moto, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Badala yake, jazeni chupa maji ya moto, ifungwe kwa taulo, iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala, iondolewe mtoto anapoingia. Laleni wote chumba kimoja, watoto katikati. Mtoto avae soksi na nguo mbili za kulalia. Blanketi zito lisimfike usoni.

Akikohoa, usikimbilie wala usipuuzie. Hesabu pumzi. Subiri ametulia, halii wala hanyonyi, mpandishe nguo uone tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu dakika nzima kwa simu. Kwa mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5, mara 40 au zaidi kwa dakika ni pumzi ya haraka. Apelekwe hospitali siku hiyo. Kama mbavu za chini zinabonyea kwenda ndani kila anapovuta hewa, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea hakuangalii, usihesabu kitu, ondokeni dakika hiyo. Hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini, na hii ni sababu nyingine ya kulala karibu na mji badala ya kijiji cha mbali chenye mandhari nzuri zaidi.

Homa nayo ina ujanja. Wazazi wengi husema, "Huku baridi, hakuna mbu, hii itakuwa mafua." Malaria huchukua siku saba hadi wiki mbili, wakati mwingine zaidi, tangu mbu aume mpaka homa itoke. Mtoto anayewaka homa Lushoto siku ya tatu anaweza kuwa amekuja nayo kutoka Dar. Kila homa ipimwe kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Na chandarua mbebe: mbu wa Lushoto ni wachache kuliko wa Mombo, lakini mtu hafi kwa wastani.

Kama katika watoto hao kuna mwenye selimundu, ningeomba msiende mpaka muone daktari wake, kwa sababu baridi na kukosa maji mwilini ni vitu viwili vinavyochochea maumivu makali ya ugonjwa huo. Mwenye pumu aende, ila pampu yake ikae mfukoni mwa mzazi, isikae kwenye begi lililobaki hotelini.

Mkoba wa dawa uwe mdogo: parasetamoli ya maji na bomba lake la kupimia, kipimajoto, pakiti za ORS na vidonge vya zinki kwa kuhara, plasta, kadi za kliniki, kadi za bima. Parasetamoli ipimwe kwa uzito wa mtoto, miligramu 15 kwa kilo, isizidi mara nne kwa siku. Maji ya kunywa yachemshwe. Kule yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, bado yanaua vijidudu, ila maharage yatawakawiza jikoni.

Basi, mkishajipanga hivyo, mlima wenyewe ni rahisi.

Irente ni lazima. Kutoka mjini ni kilomita kama sita, mnaweza kwenda kwa gari karibu njia yote na kutembea kipande cha mwisho. Ukifika ukingoni ardhi inakatika ghafla, na chini yako, karibu kilomita moja kwenda chini, unaona Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Ndipo mtoto wa miaka 8 atakapoelewa neno mlima. Lakini msitarajie ukuta wa kuzuia. Kabla hamjafika, gaweni watoto: kila mtoto na mtu mzima mmoja anayemshika mkono, na aliyeshika mkono hapigi picha. Wa miaka 4 akae chini kabla ya kutazama. Mkitoka hapo piteni shamba la Irente, wana mkate wa ngano nyeusi, jibini na jamu wanazotengeneza wenyewe, na pana nafasi ya watoto kukimbia bila genge mbele yao. Kama mdogo hajazoea jibini mpe kidogo kidogo.

Magamba iwe na siku yake. Ni msitu wa asili, mrefu, wenye ubaridi wa pangoni. Chukueni mwongozaji getini na mwambieni wazi mnataka njia fupi ya saa moja na nusu, na kwamba mtageuka mtoto akichoka, pesa ni ile ile. Mtaona mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani na mkia kama brashi. Watoto wafungwe suruali ndani ya soksi, maana siafu hawana likizo, na wafundishwe wasishike jani wasilolijua. Upupu ukimshika mtoto wa miaka 4 mchana mzima umekwisha.

Cha usiku nimekiweka mwisho kwa sababu ndicho wanangu wanachokumbuka zaidi. Usambara ina vinyonga wake, hawapatikani kwingine, madume wengine wana pembe mbili puani. Wataalamu walipowatenga katika jenasi yao mnamo 2006 waliiita Kinyongia, kutoka kwenye Kiswahili chetu. Mchana huwaoni. Baada ya chakula cha jioni wavike watoto makofia, chukueni tochi, tembeeni polepole kando ya uzio wa bustani mkimulika matawi. Kinyonga aliyelala hupauka, anang'aa kwenye tochi kama jani jeupe. Mpeni tochi wa miaka 4 na mtashangaa. Macho ya watoto yako kwenye kimo cha vinyonga. Wasiwashike, wasiwatikise, waangalie tu. Dakika ishirini, kisha maziwa ya moto na kulala.

Pichesi na plamu mlizosikia sifa zake msizitafute sana, msimu wake ni mwisho wa mwaka. Juni kuna viazi, karoti, kabichi, na watoto ambao Kimara hawagusi mboga wamewahi kula karoti shambani kwa udongo wake.

Kabla ya kulipia nyumba, piga simu uulize vitu vinne: kuna maji ya moto saa ngapi, kuna blanketi ngapi kwa kitanda, uwanja una ukingo au mteremko usio na uzio, na gari linafika mlangoni au mizigo inabebwa. Wakisita kujibu la tatu, tafuta pengine. Na wiki mbili kabla, Jumamosi moja, wapelekeni watoto Pugu, mtembee saa mbili msituni na mbeleko na viatu vile vile vya safari. Kiatu kitakachombana mtoto kimbane Pugu, ambako kwenu ni karibu.

Mkirudi, wakati wa kushuka Mombo, mpe mdogo ziwa au kikombe cha maji ili masikio yafunguke. Na ndani ya wiki mbili homa yoyote ipimwe malaria, kwa sababu njia nzima mmepita tambarare zenye mbu.

Mama mkwe umpeleke. Anajua mbeleko kuliko sisi wote, na usiku mmoja wa kulala naye chumbani utakupa wewe na mumeo nafasi ya kukaa nje na kahawa. Ila mtakuwa watu sita na gari lenu ni dogo, na kumpakata mtoto nimeshakataza. Mumeo na mkubwa wapande basi la Lushoto pale Kituo cha Magufuli, Mbezi, hatua mbili kutoka kwenu, mkutane Lushoto kwa chakula cha mchana. Kama mumeo ndiye dereva, basi mama mkwe akae kiti cha mbele, na wewe ndiye wa basi na mkubwa. Mbebe mfuko wa plastiki mfukoni, kwa ajili ya zile kona baada ya Mombo.